Kitenzi “make” kilitoka wapi, na kwa nini “fanya” peke yake hakitoshi kukitafsiri

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Katika zoezi moja nilipewa sentensi ya Kiingereza “She made him a good wife”, nikaandika “Alimfanya kuwa mke mwema”. Zoezi lilirudi limepigwa mstari mwekundu, bila maelezo yoyote pembeni. Kamusi yangu inasema “make” ni kufanya, kutengeneza au kuumba. Naomba kujua asili ya kitenzi hiki, tofauti yake na “create” na “do”, na kosa la sentensi yangu.

Jibu: Kamusi yako haikukudanganya, imekuonyesha matawi bila kukuonyesha shina. “Make” ni miongoni mwa vitenzi vinavyotumika sana katika Kiingereza, na kama ilivyo kawaida ya maneno yanayopita midomoni mwa watu kila siku, kimelainika hata kikaingia mahali ambapo hakikuzaliwa. Nitaanza na asili yake, kwa sababu sentensi yako inafumbuliwa huko wala si katika orodha ya maana, nami naomba uvumilivu nikizunguka kidogo kabla ya kuirudia.

Katika Kiingereza cha Kale, yaani kile kilichozungumzwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi muda mfupi baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kitenzi hiki kilikuwa “macian”. Ndugu zake wa karibu wangali hai: Wajerumani husema “machen” na Waholanzi husema “maken”. Ukipanda juu zaidi ya hapo unaingia katika eneo la makisio ya kitaalamu, ambamo wanaisimu wengi hukihusisha na mzizi wa lugha mame (lugha ya kale inayokisiwa kuwa chimbuko) ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, unaoandikwa “*mag-” na wenye maana ya kukanda, kama mtu anavyokanda unga au udongo. Kile kinyota mwanzoni mwa mzizi ni alama ya uaminifu: kinamwambia msomaji kwamba umbo hilo halikukutwa katika maandishi yoyote, bali limejengwa upya kwa kulinganisha lugha zilizotokana nalo. Kwa upande wa Kigiriki, mzizi huo unahusishwa na kitenzi cha kukanda, na kutokana na kitenzi hicho likapatikana neno “magma”, lililotaja kitu kizito kilichokandwa karne nyingi kabla wanajiolojia hawajaliazima kwa ajili ya miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi. Donge la unga wa shayiri liliitwa “maza”. Warumi wakalichukua wakalifanya “massa”, nalo ndilo lililoishia kuwa “mass” katika Kiingereza, ambalo fizikia ya Kiswahili huliita tungamo.

Tukae kidogo kwenye kukanda, maana ndipo penye ufunguo. Mtu anayekanda unga anahitaji mambo matatu: mikono yake, unga uliokuwapo kabla hajaanza, na donge ambalo halikuwapo kabla hajaanza. Unga haukutoka hewani, wala donge halikutokea lenyewe. Karibu kila matumizi ya “make” yanabeba mambo hayo matatu, ingawa mara nyingi moja hufichwa: kuna mtendaji, kuna mali ghafi na kuna tokeo. Shika hasa hiyo mali ghafi, kwa sababu ndiyo iliyokuponyoka katika zoezi lako.

Mali ghafi hiyo ina nguvu kiasi kwamba Kiingereza hubadilisha kihusishi kulingana na hali yake baada ya kazi. Meza ni “made of wood”, kwa kuwa ukiigusa unaugusa mti wenyewe; mvinyo ni “made from grapes”, kwa kuwa zabibu zimekwisha kupotea ndani ya kinywaji. Kanuni hii haishikwi kwa ukali na kila mzungumzaji, lakini inaonyesha kwamba ndani ya kitenzi hiki swali la kitu kimetokana na nini halilali.

Kwa mzizi huo huo huunganishwa neno “match” lenye maana ya kitu kinacholingana na kingine, ambalo zamani lilikuwa “gemæcca”, yaani mwenzi, yule aliyefaa kuwa pamoja na mwingine. Usidanganyike, hata hivyo, na “mate” yenye maana ya rafiki, ambayo kwa sura inafanana nalo zaidi. Hiyo ilitoka kwenye ukoo wa “meat”, neno ambalo zamani lilitaja chakula chochote, na maana yake ya awali ilikuwa mtu unayekula naye. Kufanana kwa sura ni ushahidi dhaifu sana katika kazi hii.

Jambo linalowashangaza wanafunzi wengi ni kwamba “macian” hakikuwa kitenzi kikuu cha kutengeneza katika Kiingereza cha Kale. Nafasi hiyo ilishikwa na “wyrcan”, ambacho leo ni “work”. Mtu wa wakati ule aliyetengeneza upanga au mashua angetumia “wyrcan” kwanza. Taratibu, katika kipindi cha Kiingereza cha Kati, kilichofuata kile cha Kale, “make” kikanyang'anya kazi hiyo, na “work” kikabaki na maana ya kufanya kazi kwa jumla, lakini kiliacha masalia. Chuma kilichofuliwa bado huitwa “wrought iron”, na “wrought” si kingine ila umbo la zamani la wakati uliopita la “work”. Fundi wa mashua bado ni “shipwright”, na mwandishi wa tamthilia ni “playwright”, neno ambalo wanafunzi hulikosea mara kwa mara kwa kuliandika kana kwamba limetokana na “write”, ilhali sehemu yake ya pili ina maana ya fundi mtengenezaji. Kwa hiyo Kiingereza chenyewe kinakiri kwamba tamthilia huundwa kwa ufundi kama mashua.

Kuhusu umbo “made”, ambalo halifanani sana na “make”, hakuna fumbo kubwa. Lilikuwa “macode”, likawa “makede”, kisha sauti ya “k” ikadondoka kwa sababu ya kutamkwa haraka haraka. Hayo ndiyo yaliyokipata pia “had”, ambacho zamani kilikuwa “hæfde”. Vitenzi vinavyotumika sana huchakaa kuliko vingine.

Sasa tuje kwenye “create”. Hiki si mzaliwa wa nyumbani. Kimetoka katika Kilatini “creare”, na ukoo wake ni wa kukua, si wa kukanda. Ni ndugu wa “crescere”, yaani kukua, ambacho kimezaa “increase” na jina la mwezi mchanga, “crescent”. Na Ceres, mungu wa kike wa mazao kwa Warumi, ambaye jina lake limo ndani ya neno “cereal”, huwekwa katika ukoo huo huo. Kwa asili, basi, anayefanya “make” ana unga mikononi, na anayefanya “create” anakifanya kitu kichipue. Warumi walitumia “creare” hata kwa kumweka mtu madarakani, kama vile kumchagua konsuli, yaani kiongozi mkuu wa dola yao, na Kiingereza kimerithi matumizi hayo pale mtu anapopewa cheo cha kikabaila, ambapo husemwa kuwa “created a duke”.

Njia nzuri ya kuona vitenzi hivi vikipokezana ni kufuata mstari mmoja tu, ule wa kwanza wa Kitabu cha Mwanzo, katika tafsiri za vipindi mbalimbali. Ælfric, mtawa aliyekuwa akiandika karibu na mwaka 1000, alitumia “gesceop”, kitenzi ambacho leo kimebaki kuwa “shape”, yaani kutoa umbo. Katika Biblia inayohusishwa na John Wycliffe, ya miaka ya 1380, kitenzi ni “made”, nao watafsiri wakaongeza maneno yenye maana ya “pasipo kitu”. Zingatia kwamba walikuwa wakitafsiri kutoka Kilatini, na mbele ya macho yao palikuwa na “creavit”, umbo la “creare” lenye maana ya “aliumba”. Wangeweza kuliazima neno hilo. Badala yake walichagua kitenzi cha kienyeji, kisha, kwa kuwa kitenzi hicho humfanya msikilizaji aulize kilichotumika kama mali ghafi, wakalazimika kueleza kwamba hapakuwa na chochote. William Tyndale, katika tafsiri yake ya mwaka 1530, aliandika “created”, na Biblia ya King James ya mwaka 1611 ikafuata. Tangu hapo “create” kimekuwa kitenzi cha kuleta kitu ambacho hakikuwa na mfano, na “make” kikabaki na kazi za mikono.

Kiswahili kina jambo lake la kupendeza katika mistari hiyo hiyo. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inasema katika mstari wa kwanza kwamba Mungu “aliziumba” mbingu na nchi, lakini katika sura ya pili, mtu anapotolewa katika mavumbi ya ardhi, inasema “akamfanya”. Sasa tazama asili ya “umba”. Katika Kibantu Mame, yaani lugha ya kale inayokisiwa kuwa chimbuko la lugha za Kibantu, kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kufinyanga udongo, na hadi leo Kizulu husema “bumba” kwa kazi ya mfinyanzi, wakati Wabemba wa Zambia humwita Muumba “Kabumba”. Ina maana kitenzi tulichokitukuza hadi kikawa cha kuumba pasipo kitu ndicho kilichokuwa cha udongo, na pale udongo ulipotajwa waziwazi tukatumia kingine. Sisemi watafsiri walikosea, kwa kuwa maneno hutafsiriwa kwa maana yanayobeba leo, si kwa vyeti vyao vya kuzaliwa. Lakini ukitaka kumweleza Mswahili asili ya “make”, mfano wa kwanza ulio karibu naye ni “umba”, neno ambalo kimatumizi limeshahamia upande wa “create”.

Uhusiano huo wa ufundi wa mikono na ubunifu umeacha alama Uskoti pia, ambako mshairi aliitwa “makar”, yaani mtengenezaji, hasa katika karne za 15 na 16. Mwaka 2004 Waskoti walilifufua jina hilo kwa cheo cha mshairi wa taifa, na wa kwanza kukishika alikuwa Edwin Morgan. Wagiriki walikuwa wamefika huko zamani, kwa kuwa “poet” limetokana na kitenzi chao cha kutengeneza, “poiein”. Kiswahili kilipita njia nyingine: sisi tunatunga shairi kama tunavyotunga ushanga, punje baada ya punje kwenye uzi mmoja. Binafsi naona picha yetu inasema mengi zaidi juu ya vina na mizani, lakini hilo ni la mjadala mwingine.

“Do” hakihitaji maelezo marefu. Mzizi wake wa kale ulimaanisha kuweka, na ni mzizi huo huo uliozaa Kilatini “facere”, ambacho kimo ndani ya “factory” na “fact”. Katika Kiingereza cha leo “do” hutazama shughuli, na “make” hutazama kinachobaki shughuli ikiisha. Mwanafunzi anayefanya kazi ya nyumbani hutumia “do”, kwa sababu kinachotajwa ni utekelezaji; akikosea katika kazi hiyo hutumia “make a mistake”, kwa sababu kosa ni kitu kipya kilichobaki kwenye karatasi. Mwongozo huu husaidia mara nyingi, si mara zote, na nisingependa uutumie kama rula.

Hausaidii hasa pale “make” kinapokuwa kitenzi chepesi, yaani kinapobeba nomino mgongoni na kuiachia nomino hiyo maana yote. Katika “make a promise” maana ni kuahidi; katika “make a decision” ni kuamua; katika “make war” ni kupigana vita. Ukiandika “alifanya ahadi” au “alifanya uamuzi” utaeleweka, na siku hizi magazeti yamejaa miundo hiyo, lakini Kiswahili kina vitenzi vyake kamili na hakuna sababu ya kuvipumzisha. Namna bora ya kukielewa kitenzi chepesi cha Kiingereza ni kukitazama cha kwetu, “piga”. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kelele na tunapiga hatua, na hakuna anayeumia. Mgeni aliyefundishwa kwamba “piga” ni kugonga kwa mkono au fimbo atastaajabu kusikia mtu amepiga mswaki, kama wewe unavyostaajabia “make the bed”. Maneno hayo matatu, kwa njia, ni mtego wa kweli. Seremala akiyasema huenda ametengeneza kitanda. Watu wengine wote wanamaanisha kutandika. Vivyo hivyo chai hupikwa, moto huwashwa, wosia huandikwa, sheria hutungwa na fedha huchumwa, na Mwingereza huvisema vyote hivyo kwa “make”.

Kuna pia matumizi ya usababishi, ambayo kwa mtafsiri wa Kiswahili ni zawadi. Sisi tuna kiambishi: mtu anacheka, mwingine anamchekesha, mtoto analala, mama anamlaza. Kiingereza nacho kilikuwa na njia ya kubadilisha kitenzi kwa ndani, na masalia yake bado yanaonekana katika jozi kama “sit” na “set”, “lie” na “lay”, au “drink” na “drench”, ambayo maana yake ya kwanza ilikuwa kunywesha. Njia hiyo ilikufa, haizai tena jozi mpya, na “make” ni mojawapo ya vitenzi vilivyoziba pengo lake. Ndiyo maana “She made him laugh” haihitaji “alimfanya acheke”. “Alimchekesha” ni fupi na ni ya kwetu. Hata hivyo, usiitumie kanuni hii ukiwa umefumba macho, kwa sababu “make” ya usababishi ina sura mbili. Katika “made him laugh” hakuna aliyeshurutishwa, lakini katika “made him sign” yupo aliyesaini bila kupenda, na hapo tafsiri ni “alimlazimisha kusaini”. Umbo la Kiingereza ni lile lile. Anayeamua ni muktadha. Sentensi hiyo ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, Kiingereza hudai “to” ambayo awali haikuwapo: “He was made to sign”. Mtihani hupenda sana kuuliza hilo.

Sasa turudi kwenye mstari mwekundu. Weka sentensi tatu pamoja: “She made him a chair”, “She made him a star”, “She made him a good wife”. Ukizihesabu kwa maneno, zinafuata mpangilio mmoja: mtendaji, kitenzi, “him”, kisha nomino. Ukiuliza swali la unga na donge, zinaachana kabisa.

Katika ya kwanza tokeo ni kiti, mali ghafi haikutajwa, na “him” ni mtu aliyetengenezewa; Kiswahili kinatumia kiambishi cha kutendea: “Alimtengenezea kiti”. Katika ya pili tokeo ni nyota, yaani mtu maarufu, na mali ghafi ni “him” mwenyewe, aliyekandwa hadi akawa kitu kingine: “Alimfanya kuwa nyota”. Wewe uliisoma ya tatu kwa kuifuata ya pili, na matokeo yake ni mwanamume aliyegeuzwa kuwa mke, jambo ambalo nadhani ndilo lililoamsha kalamu nyekundu.

Katika ya tatu mali ghafi ni “she”. Ni matumizi yale yale ya “two and two make four”, ambapo mbili na mbili ndizo zinazokuwa nne, na ya “He will make a good doctor”, ambapo kijana anayesemwa hamtengenezi daktari yeyote, bali yeye mwenyewe ana kinachohitajika ili awe daktari mzuri. Mtendaji na unga ni kitu kimoja. “Him” hapo ni mnufaika, kama katika sentensi ya kiti, na kwa hiyo tafsiri ni “Alikuwa mke mwema kwake”. Ukitaka kuhifadhi ile hisia ya kwamba wema huo ulidhihirika kadiri ndoa ilivyoendelea, andika “Alitokea kuwa mke mwema kwake”. Mimi ningechagua hiyo ya pili, isipokuwa kama sentensi zinazoizunguka zinaonyesha kwamba wema wake ulijulikana tangu mwanzo.